Gari haliwaki kila Jumatatu, na fundi anataka kubadilisha kontroli boksi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nina gari dogo la Kijapani la cc 1300, nililiagiza likiwa limeshatumika. Tangu mwaka jana, karibu kila Jumatatu asubuhi haliwaki. Nikipiga stata inalia tak-tak-tak, taa za dashibodi zinafifia. Jirani ananibusti, wiki inakwenda salama, Jumatatu nyingine yale yale. Ndani ya miezi minane nimenunua betri mbili. Kila betri mpya inakaa vizuri wiki tatu au nne, kisha tatizo linarudi. Altaneta nayo nimebadilisha, nikaweka ya mtumba. Siku hizi likiwaka, taa ya ABS na ya usukani zinawaka kisha zinazima zenyewe. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa nyekundu ya nyuma upande huohuo nayo inapepesa. Fundi wangu amechomeka mashine, zimetoka namba saba za makosa, anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa, anataka laki sita. Nilipe? Nisisahau: kabla ya haya yote niliweka redio ya skrini na kamera ya nyuma.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usilipe. Gari lako sijaliona, lakini katika yote uliyoeleza hakuna hata jambo moja linaloelekea kwenye kontroli boksi. Naona mambo matatu tofauti yaliyofungwa kwenye furushi moja, na kila moja lina kipimo chake. Hadi sasa umenunua betri mbili na altaneta, na kwa maelezo yako hakuna mtu aliyekuambia: "Nimepima hapa, nimepata volti kadhaa." Hilo ndilo linaloniuma katika kazi yetu. Mteja analipia kubahatisha kwetu.

Tuanze na Jumatatu. Gari halijui siku. Linachojua ni saa ngapi limelala. Siku za kazi unaliegesha usiku, asubuhi unaliwasha. Ijumaa unaliegesha saa kumi na mbili jioni na hulishiki mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa 60. Kila gari likilala linakula umeme kidogo kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta zake. Gari zima hula kati ya miliampea 20 na 50. Kwa miliampea 30, ndani ya saa 60 litakuwa limekula ampea-saa 1.8, na betri yako ya ampea-saa 45 hivi haitahisi kitu. Sasa tuseme kuna kitu kinanyonya robo ampea. Kwa saa hizohizo 60 ni ampea-saa 15, theluthi nzima ya betri. Siku za kawaida robo ampea inakula kama ampea-saa 6 kwa siku, na altaneta inajitahidi kuzirudisha unapokwenda na kurudi shuleni. Kama safari ni ya dakika kumi kila upande, hairudishi zote. Betri mpya inavumilia deni hilo wiki tatu, nne. Kisha inafika Jumatatu moja haina kitu.

Ndiyo maana nasema swali lako lina jibu ndani yake. Betri iliyokufa yenyewe haingoji wikiendi, na altaneta isiyochaji ingekusumbua hata Jumatano. Kinachogoma baada ya kulala muda mrefu tu, mara nyingi ni umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Na betri zako mbili zimeuawa. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe mara moja. Ukiiacha tupu mara kwa mara, sahani zake za risasi zinajifunga kwa chumvi ya salfeti inayoganda, na baada ya hapo hata ukiichaji usiku kucha haishiki kama zamani.

Kuna jaribio ambalo halihitaji hata mita. Ijumaa hii, ukishaegesha, chukua spana namba 10, legeza nati ya nguzo ya hasi na uitoe waya yake kwenye betri. Anza na hasi siku zote: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche inaruka, na betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Vua na pete kwanza. Funika ile waya kwa kitambaa ili isirudi kugusa nguzo. Jumatatu irudishe, kisha uwashe. Saa ya redio itakuwa imepotea na sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inaweza kupanda na kushuka kwa dakika chache, usiogope. Ila hakikisha betri imejazwa kwa chaja siku moja kabla, kwa ampea 4 hivi, usiku mzima. Altaneta peke yake haiwezi kuifufua betri iliyokuwa tupu kwa safari zako fupi. Gari likiwaka kwa kishindo Jumatatu hiyo, uvujaji umethibitika. Likigoma hata hivyo, betri yenyewe haishiki chaji, na irudi dukani na waranti yake.

Sasa mita. Ile ya bei ndogo inatosha. Geuza kitufe kwenye volti za DC, weka alama ya 20, waya nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Pima asubuhi kabla hujafungua mlango wala kugusa ufunguo, kwa sababu mlango tu unaamsha taa na kompyuta. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Watu wengi wakiona 12 wanafurahi, kwa kuwa kwenye ganda pameandikwa 12V. Betri ina vyumba sita, kila kimoja volti 2.1 na kidogo, kwa hiyo 12 tupu ni betri yenye njaa.

Mtu apige stata huku wewe unatazama mita. Namba itashuka, ikibaki juu ya 10, salama. Ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au haijajaa. Na hapo ndipo zinapotoka taa zako za ABS na usukani. Kompyuta zile zinataka volti za kutosha. Zikiona 8 kwa nusu sekunde zinaandika kosa na kuwasha taa, kisha umeme ukirudi zinajipima upya na kuzima. Zinapiga kelele kwa sababu zina njaa. Hazijafa.

Likishawaka, namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni ya ndani hadi mwisho; isishuke chini ya 13.5. Magari mapya yenye kifaa cha kupima mkondo kwenye nguzo ya betri hushusha chaji makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo kwa hayo usimlaumu altaneta haraka. La umri wa lako huenda si la aina hiyo. Kisha geuza mita kwenye volti za AC, gari likiunguruma. Isome chini ya nusu volti. Ikizidi, mojawapo ya dayodi za altaneta, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, imetoboka, na altaneta ya mtumba yenye dayodi mbovu inaweza kuchaji vizuri mchana na usiku ikanyonya betri ileile iliyoijaza. Kama inanyonya sana, gusa altaneta alfajiri injini ikiwa baridi: utaikuta na uvuguvugu. Kwa hiyo altaneta ya mtumba uliyofungiwa ni mshukiwa, sijaiachia.

Na hapa naomba nisimame kidogo. Kuna mafundi bado wanapima altaneta kwa kuchomoa nguzo ya betri injini ikiwa inaunguruma. Ikiendelea wanasema altaneta nzima. Mwalimu, mtu akinyoosha mkono kufanya hivyo kwenye gari lako, mzuie. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiiondoa ghafla, altaneta inarusha makumi ya volti kwa kitambo kidogo mno, na kitambo hicho kinatosha kuunguza kontroli boksi iliyokuwa nzima. Ziko nilizozipokea zimekufa kwa kipimo hicho hasa.

Tukitoka kwenye betri tunafika mahali ambapo kazi nyingi za umeme wa gari huishia, na ambapo wengi wetu hatupimi: njia ya umeme wenyewe. Umeme, ambao mafundi tunauita moto, hutoka chanya, unafanya kazi, unarudi hasi. Safari ya kurudi inapita kwenye bodi, kwenye injini, na kwenye waya za ethi zinazounganisha hivyo viwili na betri. Wewe uko Tanga, kando ya bahari. Hewa yenye chumvi inaingia chini ya boliti ya ethi, inaweka kutu, na unga wa kijani unatambaa ndani ya ganda la waya hadi nyuzi za shaba zinaanza kukatika moja moja. Kwa nje waya unaonekana mzima.

Fundi akiupima waya huo kwa alama ya omu, yaani ya ukinzani, mita inamwambia sifuri, mzima. Ni kama gogo lililolazwa kuvuka mto: mbuzi mmoja anapita vizuri, na ukimtazama yeye utasema daraja ni imara. Mita inapima omu kwa mkondo mdogo sana, mbuzi mmoja. Stata ya injini yako inadai kama ampea 120. Tuseme kutu imeongeza ukinzani wa omu 0.02 tu. Taa ndogo ya ampea 0.4 itapoteza volti 0.008, hakuna jicho litakaloona. Stata itapoteza volti 2.4. Betri ikitoa 11, stata inaonja 8.6, na hapo unasikia tak-tak-tak na betri ni mpya kabisa.

Kwa hiyo njia hupimwa ikiwa kazini. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka. Mita iwe kwenye volti za DC. Gusa waya mmoja kwenye nguzo yenyewe ya hasi, ile risasi katikati, usiguse kibano chake, na mwingine kwenye chuma safi cha injini. Mtu apige stata kwa sekunde tatu. Unatafuta namba ndogo kabisa, 0.2 au chini. Ukiona 0.5, 0.8, hapo katikati kuna mahali umeme unakwama. Sasa hamisha ncha ya pili kidogo kidogo kurudi kwenye betri: kwenye boliti ya ethi, kwenye waya wenyewe, kwenye kibano. Namba itakaposhuka ghafla, umevuka ubovu. Uko kati ya hapo na mahali ulipotoka. Fanya vilevile kati ya nguzo ya hasi na bodi, na kati ya nguzo ya chanya na boliti kubwa ya stata, ambapo isizidi 0.5. Baada ya kipimo hiki hakuna kubahatisha tena. Mita imekuonyesha kwa kidole.

Nilijifunza hili nikiwa bado kijana wa kushika spana, gereji ya Ilala. Ililetwa teksi iliyokuwa ikigoma kuwaka ikipata joto. Stata ilikuwa imebadilishwa, betri imebadilishwa. Bwana mkubwa aliyekuwa akinifundisha aliniambia nishike waya wa kuvutia mafuta, ule unaotoka kwenye pedali kwenda injini, kisha akapiga stata mara tatu. Niliuachia kwa kelele. Ulikuwa wa moto, na ganda lake la plastiki lilikuwa limeanza kulainika. Waya wa ethi kutoka injini kwenda bodi ulikuwa umelika wote, ukabaki kushikiliwa na ganda lake tu. Umeme wa stata, ampea zaidi ya mia, ulikuwa umekosa njia ya kurudi ukapita kwenye kile kiwaya chembamba cha pedali. Waya mpya wa ethi uligharimu chini ya robo ya bei ya ile stata waliyoitupa. Tangu siku hiyo gari lenye tatizo la kuwaka nalianza na ethi, hata mteja akiniapia kwamba ameshabadilishiwa.

Ukikuta kutu, tengua boliti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, funga kwa nguvu, kisha ndipo upake grisi juu. Nguzo za betri zenye unga mweupe zioshe kwa maji ya moto yaliyokorogwa magadi. Magadi yanaua asidi. Suuza, kausha, kisha funga. Kibano kisizunguke hata kidogo ukikijaribu kwa mkono.

Turudi kwenye uvujaji, maana ndio ninaoushuku zaidi kwako. Shusha vioo, fungua boneti, fungua mlango wa dereva kisha kwa bisibisi sukuma komeo lake mpaka lijifunge, ili gari lidhani mlango umefungwa. Ufunguo uweke mbali. Toa waya ya hasi. Kabla ya mita, chukua taa ya indiketa ya wati 21 na uiunge kati ya nguzo ya hasi na waya uliouvua. Ikiwaka kwa nguvu, kuna kitu kikubwa kinanyonya au gari halijalala bado, ngoja. Ikizima au ikibaki uzi mwekundu tu, sasa weka mita mahali pa taa: waya nyekundu ya mita kwenye tundu la ampea 10, kitufe kwenye ampea 10. Mita nyingi za bei ndogo tundu hilo halina fyuzi, kwa hiyo mtu asithubutu kugusa stata wala kuwasha taa kubwa hapo, waya zitaungua mkononi.

Ngoja nusu saa. Hapa wengi hukosea: wanaona ampea mbili, wanapiga kelele kwamba wamempata mwizi, kumbe kompyuta hazijalala. Zikilala utaona namba ikishuka kwa ngazi. Ikitulia kwenye 0.03 au 0.04, gari ni safi. Ikitulia kwenye 0.25, mwizi yupo.

Kumtafuta, usianze kuchomoa fyuzi moja moja, maana kila uchomoapo na kurudisha unaamsha kompyuta nyingine na hesabu inaanza upya. Acha mita ya pili, au ileile baada ya kuirudisha kwenye milivolti na kuirudisha waya ya hasi mahali pake na kungoja tena, iguse vile vidoti viwili vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Inayopitisha inasoma kitu, hata milivolti moja. Fyuzi yenye namba ndiyo mlango wa mwizi. Ya ampea 15 ya bluu ikipitisha robo ampea itakuonyesha milivolti moja na ushee. Sasa hiyo ndiyo uchomoe, uone kama uvujaji unakufa.

Kwako ningeanza na fyuzi ya redio, mara nyingi imeandikwa RADIO, AUDIO au DOME. Redio za skrini zina waya wa njano wa moto wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu, na waya nyekundu unaotakiwa upate moto ufunguo ukizungushwa tu. Mwenye haraka huziunga zote mbili pamoja kwenye moto wa kudumu. Redio inafanya kazi vizuri, skrini inazimika ukibonyeza, mteja anaondoka ameridhika. Ndani yake kompyuta ya redio inakesha usiku kucha, na kamera nayo pengine. Vuta redio nje, tazama njano na nyekundu zimekwenda wapi. Kama zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu, umempata. Nyekundu ihamishiwe kwenye moto wa ufunguo, na maungo yalehemiwe au yabanwe kwa viungo.

Kama si redio, wapo wengine wa kawaida. Taa ya buti isiyozima: weka simu ndani ikirekodi video, funga buti, hesabu hadi kumi, fungua utazame. Rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyonata: alfajiri pitisha kiganja juu ya rilei kwenye boksi la fyuzi, iliyolala ni baridi, inayokesha ina uvuguvugu. Kifaa cha kufuatilia gari alichoweka mwenye gari wa zamani na wewe hukijui. Na ile altaneta ya mtumba, ambayo unaipima kwa kutoa hasi ya betri, kutenga waya wake mnene, kisha kupima uvujaji upya.

Sasa zile namba saba. Hukuniandikia ni zipi, na fundi wako alipaswa kukupa zimeandikwa. Herufi ya kwanza inasema mengi: P ni injini na gia, C ni breki, usukani na kilicho chini ya gari, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Kompyuta hizo huzungumza kwenye waya mbili zilizosokotwa, mfumo ulioitwa CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Volti ikianguka wakati wa stata, kompyuta moja inanyamaza kidogo, nyingine zinaandika: "fulani hajibu." Ukibustiwa kila Jumatatu kwa miezi minane, ningeshangaa kama zingekuwa chini ya saba.

Namba ya kosa inataja mahali kompyuta ilipoona jambo lisilo la kawaida. Haitaji kifaa cha kununua. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu dhaifu au sensa chafu ya hewa. P0135 inahusu kipashajoto cha sensa ya oksijeni, na kabla ya kununua sensa unatazama fyuzi yake. P0562 inasema wazi kwamba volti ya gari ni ndogo. Kama imo katika saba zako, mashine yenyewe imemkanusha fundi. Namba hizo ziandikwe, zifutwe, umeme urekebishwe, gari litembee wiki moja, kisha zisomwe tena. Zitakazorudi ndizo za kujadili.

Ipo hali moja inayowadanganya hata mafundi wazuri, nakueleza ili umuulize. Kontroli boksi inazipa sensa kadhaa umeme wa volti 5 kutoka chanzo kimoja. Sensa moja ikipiga shoti ndani, zile 5 zinaanguka kwa zote, na mashine inatoa namba tano, sita kwa mpigo: pedali, hewa, presha. Ukiona hivyo unashawishika kusema boksi imekufa. Kipimo chake ni kuchomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine huku mita iko kwenye waya wa volti 5. Ukichomoa mbovu, 5 zinarudi palepale. Kipimo hicho kinatenganisha sensa moja na laki sita.

Kontroli boksi hufa, lakini kwa kawaida huwa ya mwisho kuhukumiwa. Kabla ya hapo fundi akuonyeshe kwa mita kwamba moto wote unaotakiwa unaifikia, ethi zake zote ni nzima wakati wa stata, na hata hivyo haitoi zile volti 5 au haiamrishi koili za plagi na nozeli za mafuta. Akishindwa kukuonyesha, hajapima. Na kama gari lako lina ufunguo wenye chipu, boksi ya mtumba kutoka gari jingine haitamtambua ufunguo wako mpaka isajiliwe upya. Umetoa laki sita, gari linazunguka bila kuwaka, na sasa unaanza kumtafuta mtu wa kusajili.

Jambo la tatu ni indiketa, na halina uhusiano na Jumatatu. Taa zote za pembe ya nyuma kushoto hutumia ethi moja. Ikilika, umeme wa indiketa unakosa njia ya kurudi, unapenya kwenye waya wa taa nyekundu kwenda kutafuta ethi upande wa pili, na njiani unaiwasha kwa mbali. Toa boksi la taa, kagua soketi na waya mweusi au mweupe wenye mstari mweusi, sugua sehemu unapofungwa kwenye bodi. Kazi ya dakika ishirini. Ifanye mapema, kwa sababu anayekufuata usiku hawezi kujua kama unakata kona au unafunga breki.

Usimfukuze fundi wako. Mpe nafasi ya kupima, mlipe gharama ya kupima kama kazi kamili, maana ni kazi kamili, na simama hapo uone namba kwa macho yako. Kisha niandikie nne: volti za alfajiri kabla ya kufungua mlango, volti zilizofikia chini kabisa wakati wa stata, volti kati ya nguzo ya hasi na injini wakati huohuo, na ampea zilizobaki baada ya gari kulala nusu saa. Zile saba za mashine uziweke chini yake, pamoja na herufi zake.